Kitasa Kipya cha Mama Funguo

Vita vilipofika mwezi wa tano, kila mtu katika jengo lile la ghorofa nne alikuwa ameshajichagulia wazimu wake. Mwalimu mstaafu wa ghorofa ya pili alitembea na redio sikioni tangu anapoamka, hata chooni aliingia nayo, mpaka wakamwita Mwalimu Redio. Muuza nyama wa ghorofa ya tatu alibandika karatasi za gundi kwenye vioo vyote vya madirisha, vilipokwisha akahamia kwenye kioo cha kunyolea ndevu, na usimuulize kwa nini. Mke wake alihesabu milio ya mizinga na kuiandika kwenye daftari, asubuhi mingapi, jioni mingapi, eti ikizidi ishirini wao wanahama. Ilizidi ishirini, ikazidi arobaini, na hao wapo tu, na limeanza daftari la pili.

Mama Funguo wa ghorofa ya chini aliwaangalia wote hao na kusonya. Kusonya ndiyo ilikuwa kazi yake ya pili. Ya kwanza ilikuwa kuchonga funguo, kazi aliyofundishwa na marehemu mumewe, na alipofariki huyo mume watu wakaja na ushauri wao kwamba mwanamke hawezi kushika tupa siku nzima, basi auze vitafunwa. Aliwasikiliza mpaka mwisho, akawatolea chai, kesho yake alfajiri akafungua kibanda. Mwaka huu ulikuwa wa ishirini na mbili. Kibanda chenyewe kilikuwa cha bati, kona ya pili kutoka nyumbani, kipana kiasi cha mtu kunyoosha mikono: mashine ya kuchonga upande huu, jiliwa la kubania chuma upande ule, na ukutani funguo ghafi zisizo na meno zimening'inia kwenye misumari. Katika miaka hiyo yote hakukosa siku ya kazi hata moja. Alifungua akiwa na homa, na alifungua siku ya tatu baada ya kujifungua kitindamimba wake, mimba aliyoachiwa na marehemu, mtoto akilala kwenye sanduku la makufuli. Huyo mtoto hadi leo jina lake mtaani ni Kitinda.

Vita vilimletea wateja mpaka akachoka. Watu walitaka makufuli. Walitaka komeo juu, komeo chini, na kitasa kipya katikati, na wote aliwafanyia kazi nzuri huku akiwatukana.

"Mlango wako wa nini?" alimuuliza mama mmoja aliyekuja kutafuta kufuli la tatu.

"Wa mbao nyembamba."

"Mbao nyembamba, makufuli matatu. Na bomu likija litabisha hodi, likikuta umefunga litarudi kwao?"

"Fundi, mimi nikifunga napata usingizi."

"Haya, chukua ukalale. Watu wazima ovyo!"

Alikuwa na msemo wake mwenyewe, mtaa mzima uliujua kwa moyo, na Kitinda aliukariri kabla hajajua kuhesabu: "Kitasa hubadilishwa na watu wawili tu duniani, aliyehamia na aliyefukuza mume. Wengine wote ni waoga." Alikuwa akiusema huku anafunga skurubu ya mwisho, halafu anamkabidhi mteja funguo zake kwa heshima zote. Mlango wa nyumbani kwake ulikuwa na kitasa kilekile alichokitia marehemu siku ya kuhamia, kimepauka, kina ukaidi kidogo wa kugeuka, na funguo zake zilikuwa tatu tu. Mmoja wa kwake. Wa pili wa mkwewe, mke wa Kitinda, binti mpole wa sauti ndogo anayeishi naye. Wa tatu aliuchonga kwa mkono, bila mashine, siku Kitinda alipoitwa jeshini kuendesha malori.

Siku ile ya kuondoka mkwe alilia mpaka akapaliwa. Mama Funguo hakulia. Alimtia mwanawe ufunguo mfukoni, akaubonyeza kwa nje ya kitambaa kuhakikisha umekaa.

"Mimi si mama wa kukusubiri mlangoni," akamwambia. "Nina kazi. Ukija, fungua uingie."

"Ndiyo, Mama."

"Na usirudi umekonda."

Ndiyo ikawa kwaheri yao, na baadaye alikuwa akijisifia mbele za watu kwamba yeye hakutoa hata chozi. Wanaosubiri mlangoni, alisema, hawana shughuli.

Sasa katika huo mwezi wa tano manispaa ikaleta mshauri. Alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani na mkoba wa nguo, akitumwa jengo kwa jengo kufundisha watu namna ya kuishi na hofu. Darasa lilikuwa Jumanne saa nne asubuhi, kule handakini, yaani chumba cha chini ya jengo walichokuwa wakikimbilia king'ora kikilia. Watu walikaa kwenye mabenchi, wakafumba macho, wakavuta pumzi kwa hesabu ya nne, wakaishika kwa nne, wakaiachia kwa nne, watu ishirini wakipuliza kwa pamoja. Mama Funguo alipohadithiwa alicheka mpaka akashika jiliwa asianguke.

"Kupumua? Mnafundishwa kupumua? Na miaka yote hii mlikuwa mnafanya nini?"

Akambandika mshauri jina, Bi Pumzi, na jina likashika siku hiyohiyo. Bi Pumzi mwenyewe alipita kibandani kumkaribisha, akapewa kigoda, akasikilizwa, akaulizwa kama ana cheti cha kupuliza. Hakukasirika yule mama. Alicheka kidogo, akaacha karatasi yake ya mafunzo, akaenda zake. Karatasi ilisema hivi kwa herufi kubwa: UKIZIDIWA NA HOFU, FANYA JAMBO MOJA LILILO NDANI YA UWEZO WAKO. Mama Funguo akaisoma kwa sauti ya kubana pua mbele ya wateja, kisha akaitumia kufungia skurubu.

Ukweli ni kwamba alikuwa na wiki saba hajasikia neno la Kitinda. Mnara wa simu ulikuwa umelipuliwa, simu zote zimekuwa mawe, na habari za mstari wa mbele zililetwa na dereva wa gari la mkate, aliyekuwa akipeleka mikate kambini mara mbili kwa wiki. Jumamosi moja dereva huyo alisimama kibandani, akazima injini, na yeye si mtu wa kuzima injini.

"Fundi, nasikia malori yamepigwa pale kwenye daraja la mto."

"Malori ya nani?"

"Yetu. Sijui ya kikosi gani. Nimesikia tu."

"Basi kama hujui, umenisimamishia kazi ya nini?" akamjibu. "Nenda, mkate unapoa."

Alichonga funguo sita mchana ule na zote sita akaziharibu. Alizitupa kwenye ndoo ya vyuma chakavu kabla mtu hajaziona. Jioni akakagua mlango wa nyumbani kama umefungwa, akala, akaukagua tena, akaosha vyombo, akaukagua tena, na mkwe anamtazama tu. Mama Funguo aliogopa. Mikono ilikuwa baridi, na kila alipofumba macho aliona daraja. Lakini alikuwa ameshawacheka watu wote wa jengo, mmoja mmoja, kwa majina, angemwambia nani?

Jumapili mchana, mkwe yuko kwenye foleni ya maji, Mama Funguo alifungua kile kifurushi cha skurubu, alichokuwa amekileta nyumbani, akaiona ile karatasi. Jambo moja lililo ndani ya uwezo wako. Akasonya. Halafu akasimama katikati ya chumba akifikiria jambo hilo ni lipi, akagundua kwamba katika dunia hii nzima anaweza kitu kimoja tu. Akaleta bisibisi. Baada ya nusu saa kitasa cha marehemu kilikuwa mezani, na mlangoni kimekaa kipya, kizito, cha chuma cheusi, kinachogeuka mara tatu kabla ya kufunga. Alikifunga na kukifungua, akakifunga tena. Moyo ukatulia. Lo! Ukatulia kweli, akakaa chini akanywa chai kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi, na hakujua acheke au ajifiche.

Mkwe aliporudi na dumu lake, ufunguo wake ukakataa. Alifunguliwa kutoka ndani.

"Kile kilikuwa kimekwisha," Mama Funguo akasema haraka. "Kimelika meno. Huu hapa wako mpya."

Mkwe aliupokea, akaugeuzageuza. "Na baba yenu, Mama?" Hivyo ndivyo alivyomwita Kitinda mbele ya mama yake, kwa utani, tangu walipofunga ndoa. "Yeye ana ule wa zamani."

"Atapita kibandani kwanza. Ni njiani. Lini umewahi kukuta mimi sipo kibandani?"

Mkwe akakubali, maana ilikuwa kweli. Lakini mazoea ni mazoea. Alikuwa na funguo zote mbili kwenye pete moja, na siku ile ya kwanza na ya pili alikuwa akitia ule wa zamani, anausokota weee, halafu ndiyo anakumbuka. Mama Funguo alimsikia kutoka ndani na kumwacha asote. "Ana kichwa cha kuku huyu," alijisemea, si kwa chuki.

Utulivu wa kitasa ulidumu hadi Jumatatu jioni. Hapo mikono ikawa baridi tena. Ndipo Mama Funguo akawaza jambo ambalo angemcheka mtu mwingine yeyote mwaka mzima: kama karatasi ya Bi Pumzi ilimsaidia siku moja na nusu, pengine Bi Pumzi mwenyewe ataongeza nyingine. Jumanne alifungua kibanda saa mbili kama kawaida. Saa nne kasoro dakika kumi akakifunga. Hakuandika tangazo lolote, angeandika nini? Akapita uchochoro wa nyuma asionekane na mtu, akashuka handakini.

Watu wote walimgeukia. Muuza nyama alifungua mdomo, mkewe akamkanyaga mguu.

"Nimekuja kukagua bawaba za mlango," Mama Funguo akasema.

"Karibu, fundi," Bi Pumzi akasema. "Zikague ukiwa umekaa."

Alikaa benchi la ukutani, chini ya tundu la hewa, lile linalotokea juu pembeni ya ngazi, karibu na mlango wake mwenyewe. Mwalimu Redio alikuwa pembeni yake, ameinyamazisha redio kwa heshima ya darasa. Jengo zima lilikuwa humo ndani. Bi Pumzi akawaambia wafumbe macho. Akawaambia sauti yoyote watakayoisikia wasiifuate; ije, ipite.

Vuta, mbili, tatu, nne. Alijiona mjinga wa wajinga. Shika, mbili, tatu, nne. Lakini mara ya tano au ya sita mabega yalishuka yenyewe, na mara ya kumi akaona kwamba mikono imepata joto. Akaendelea.

Hapo akasikia, kupitia lile tundu, ufunguo ukiingizwa kwenye kitasa chake. Sikio lake halikukosea kitu kama hicho. Ulikuwa ule wa zamani: uliingia nusu, ukagonga, ukakataa. Ukatolewa, ukapigwa kumbo kidogo, ukatiwa tena. Huyo, mkwe huyo, karudi mapema na maji, kasahau tena! Leo ni siku ya tatu! Watu wote wamekaa kimya kwa macho yaliyofumbwa na kichwa cha kuku kinasokota chuma. Alitaka kuinuka amfuate. Kisha akafikiri kwamba akiinuka sasa jengo zima litajua fundi kakimbia darasa la kupumua, tena baada ya kulidhihaki mwezi mzima. Ufunguo mpya anao kwenye pete. Atakumbuka. Mwache asote.

"Achia, mbili, tatu, nne," Bi Pumzi akasema, na watu ishirini wakapuliza. Katikati ya mpulizo mlango uligongwa huko juu, mara tatu, na labda kulikuwa na sauti, labda hapana. Zikafuata hatua kupanda ngazi, mlango mwingine ukagongwa mbali zaidi, na hatua kushuka.

"Sauti ije," Bi Pumzi akasema, "ipite."

Ikapita. Nje gari kubwa lilipiga honi mara moja.

Darasa lilikwisha saa tano kasoro. Mama Funguo alipanda ngazi akiwa mwepesi, na maneno ya kumkaripia mkwe ameshayapanga. Mkwe alikuwa amekaa sakafuni mlangoni. Dumu la maji lilikuwa kando yake, limejaa, halijafunikwa. Alikuwa na karatasi mkononi.

"Nini tena? Umesahau tena ufunguo?"

"Mimi nimefika sasa hivi," mkwe akasema. "Nimekuta hii chini ya mlango."

Ilikuwa karatasi ya paketi ya sigara, imekunjuliwa na kuandikwa kwa penseli, na mwandiko Mama Funguo aliujua kabla ya kusoma.

"Wewe unayeishi humu sasa, salamu. Hapa palikuwa kwetu. Nimejaribu ufunguo wangu umekataa, na mama yangu si mtu wa kubadilisha kitasa hata siku moja, kwa hiyo najua hawapo tena. Nimeanza kibandani kwake nikakuta kumefungwa, na leo ni siku ya kazi. Nimegonga na juu, hakuna mtu. King'ora hakijalia, kwa hiyo hawako handakini. Gari wamenipa robo saa tu. Kama unajua walikokwenda, yeye na mke wangu, au kama wamezikwa unajua ni wapi, tafadhali niandikie kwa dereva wa mkate. Ufunguo nakuachia. Kauchonga mama kwa mkono, ni chuma kizuri, kwangu hauna mlango tena."

Ufunguo ulikuwa ndani ya kunjo. Meno yake yalikuwa yamesuguka ubavuni pale alipolazimisha.

Mama Funguo alisoma mara mbili.

"Ulikuwa wapi, Mama?" mkwe akauliza. Sauti yake ndogo ilikuwa imepotea, hii ilikuwa nyingine kabisa. "Kibanda kimefungwa. Ulikuwa wapi?"

"Handakini."

"Kufanya nini?"

Watu walikuwa wanapanda ngazi nyuma yao, muuza nyama, mkewe, Mwalimu Redio, na wote wakasimama.

"Kupumua," Mama Funguo akasema.

Hakuna aliyecheka, na hilo lilimuuma kuliko kicheko. Angalau wangecheka.

"Nilimsikia," akasema. "Nilimsikia anatia ufunguo. Nilijua ni wewe. Nikasema mwache asote."

Mkwe alisimama. Kwa nukta moja ilionekana kama atampiga. Badala yake alikimbia, akapita kati ya watu hadi barabarani, akakimbia na njia iendayo mtoni mpaka alipoishiwa pumzi, kisha akarudi akitembea katikati ya barabara. Lori lilikuwa limeondoka nusu saa nzima iliyopita.

Mama Funguo alikuwa ameshaleta bisibisi. Alikitoa kitasa kipya, akakitupa sakafuni. Akachukua kile cha marehemu kutoka kwenye kopo alimokihifadhi, akakiweka mahali pake, akajaribu: kiligeuka kwa ukaidi wake uleule. Akafurahi kwa muda wa kuhesabu mpaka nne. Halafu akauona ule ufunguo mezani juu ya karatasi. Kitinda hakuwa nao. Ungeweza kurudisha vitasa vyote vya mji mahali pake, Kitinda hana ufunguo, na hana sababu ya kuja.

"Fundi hodari," akajiambia kwa sauti. "Fundi hodari, mama mjinga, huna akili hata ya kuku."

Akakitoa na hicho. Mlango ukabaki na tundu kubwa kama ngumi, unasukumwa na upepo unavyotaka. Akaandika barua, mkwe akaandika yake, na dereva wa mkate alipopita jioni walimpa zote mbili. Dereva alisema atajaribu. Vikosi vinahamahama, hakuahidi. Mama Funguo hakumjibu kijeuri. Alimshika mkono kwa mikono yake miwili, jambo lililomtisha dereva kuliko mizinga.

Mwalimu Redio alishuka kuangalia tundu. "Fundi, huoni ni hatari? Siku hizi wezi—"

"Waje. Watakuta watu wawili wako macho, wawasalimie."

Alitoa kigoda akakiweka kizingitini, uso barabarani. Akakaa. Mkwe alibaki ndani kwa muda mrefu, akipanga vyombo vilivyokwisha kupangwa. Kisha akatoka na kigoda cha pili, akakaa upande wa pili wa mlango, bila kumtazama.

"Naogopa," Mama Funguo akasema.

Alikuwa hajawahi kulisema neno hilo tangu aolewe, na lilitoka vibaya.

"Najua, Mama," mkwe akasema. "Jengo zima linajua. Ni wewe tu ulikuwa hujui."

Upepo ukausukuma mlango, ukagonga ukuta, na wote wawili wakageuka kutazama.